Mary Kingsley

Mary Henrietta Kingsley (13 Oktoba 1862 – 3 Juni 1900) alikuwa msafiri na mwandishi kutoka nchini Uingereza. Anajulikana hasa kwa safari zake katika Afrika ya Magharibi na kwa vitabu alivyoandika kuhusu imani na desturi za wenyeji wa huko.

Maisha ya awali

Alizaliwa London. Baba yake, George Kingsley, alikuwa daktari aliyesafiri sana. Mwandishi Charles Kingsley alikuwa amu yake. Mary hakupelekwa shule, bali alijisomea vitabu vya baba yake huku akimuuguza mama yake. Wazazi wote wawili walifariki mwaka 1892, naye akiwa na umri wa karibu miaka 30 akawa huru kusafiri.

Safari

Alifika Afrika ya Magharibi mara ya kwanza mwaka 1893. Safari ya pili ilianza Desemba 1894 na kumalizika mwishoni mwa 1895. Huko Calabar, katika Nigeria ya leo, alikutana na mmisionari Mary Slessor, aliyeokoa watoto mapacha waliohofiwa kuwa mkosi. Nchini Gabon alisafiri kwa mtumbwi katika mto Ogooué na kupita katika nchi ya Wafang. Alikuwa akibeba vitambaa na tumbaku za kubadilishana, kwa hiyo wenyeji walimpokea kama mfanyabiashara. Wakati mmoja alitumbukia katika shimo la kutegea wanyama, akaokolewa na sketi yake nene isichomwe na miti iliyochongwa. Alipanda pia Mlima Kamerun wenye kimo cha takriban mita 4,000.

Samaki aliokusanya aliwapeleka Makumbusho ya Uingereza. Spishi tatu zilipewa jina lake, mojawapo ni *Ctenopoma kingsleyae*.

Maandishi na mawazo

Kitabu chake cha kwanza, *Travels in West Africa* (1897), kilipata wasomaji wengi, naye akaalikwa kutoa mihadhara sehemu mbalimbali za Uingereza. Mwaka 1899 alitoa *West African Studies*. Wakati huo Waingereza wengi waliziona imani za jadi za Kiafrika kuwa upuuzi mtupu. Kingsley alieleza kwamba zilikuwa na mantiki yake: kwa mtu anayeamini kuwa kila kitu kina roho, ugonjwa au kifo lazima kiwe na aliyekisababisha.

Ujuzi huo aliutumia katika siasa. Wakati kodi ya nyumba ilipozusha vita Sierra Leone mwaka 1898, alieleza kwamba kwa sheria za wenyeji, kitu unachokilipia kila mara si mali yako. Hivyo walielewa kuwa wananyang'anywa nyumba zao. Hata hivyo kodi iliendelea kutozwa.

Kingsley hakupinga ukoloni wenyewe. Alitaka uongozwe na biashara, na aliwalaumu wamisionari kwa kuvunja desturi za watu. Aliamini pia kwamba Waafrika na Wazungu wanatofautiana kwa asili, wazo ambalo leo limekataliwa. Tena alipinga wanawake kupewa haki ya kupiga kura.

Kifo

Mwaka 1900, wakati wa Vita ya Makaburu, alikwenda Afrika Kusini kuwauguza wafungwa wa Kikaburu huko Simon's Town. Aliambukizwa homa ya matumbo akafariki akiwa na umri wa miaka 37. Kama alivyoomba, alizikwa baharini. Mwaka 1901 marafiki zake walianzisha African Society kwa kumbukumbu yake. Leo inaitwa Royal African Society.