David Burnet na Deni la Ahadi

Wahenga walisema kuwa ahadi ni deni. Ni viongozi wachache waliodaiwa deni hilo kwa ukali kama David Gouverneur Burnet, aliyeiongoza Jamhuri ya Texas kwa miezi saba pekee mnamo mwaka wa 1836.

Burnet alizaliwa tarehe 14 Aprili 1788 mjini Newark, New Jersey, nchini Marekani. Alifiwa na wazazi akingali mdogo, akalelewa na kaka zake. Mwaka wa 1806 alijiunga na msafara wa Francisco de Miranda, uliojaribu kuikomboa Venezuela kutoka kwa Wahispania bila kufaulu. Baadaye aliugua mapafu, akaishi miongoni mwa Wakomanchi katika nyika za Texas hadi alipopata nafuu. Mnamo 1826 alihamia Texas, iliyokuwa sehemu ya Mexico.

Tarehe 2 Machi 1836, wajumbe waliokutana Washington-on-the-Brazos walitangaza uhuru wa Texas. Siku nne baadaye, ngome ya Alamo ilitekwa na jeshi la Jenerali Santa Anna, rais wa Mexico. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Machi, wajumbe walimchagua Burnet, ambaye hakuwa mmoja wao, awe rais wa muda. Serikali yake ilizaliwa ikikimbia: ilihamia Harrisburg, kisha Galveston. Askari wapanda farasi wa Mexico nusura wamkamate ufuoni alipokuwa akitoroka kwa mashua pamoja na familia yake.

Tarehe 21 Aprili, Jenerali Sam Houston alilishinda jeshi la Mexico huko San Jacinto, na kesho yake Santa Anna akatekwa. Tarehe 14 Mei, Burnet alitia saini mikataba miwili na mateka huyo huko Velasco, mmoja wa wazi na mwingine wa siri, akaahidi kumrejesha Veracruz. Santa Anna alipopandishwa melini mwezi wa Juni, askari wa kujitolea kutoka Marekani walilazimisha ateremshwe. Wengi walitaka auawe kulipiza kisasi cha Alamo. Burnet alikuwa na cheo lakini hakuwa na jeshi la kumtii. Mnamo Julai, baadhi ya wanajeshi walipanga hata kumkamata yeye mwenyewe. Hata hivyo, hakumtoa mateka wake auawe. Ahadi ya safari ilimshinda, ila uhai aliulinda.

Sifa hiyo isitufumbe macho. Katiba ya Machi 1836, ambayo chini yake alitawala, ilihalalisha utumwa na kuwanyima Waafrika uraia. Uhuru uliopiganiwa haukuwa wa wote.

Burnet alijiuzulu tarehe 22 Oktoba 1836, akampisha Houston, ambaye wananchi walikuwa wamemchagua. Alikuwa makamu wa rais kuanzia 1838 hadi 1841, kisha akawania urais na kubwagwa na Houston, hasimu wake wa miaka mingi. Jamhuri yenyewe ilimezwa na Marekani mwaka wa 1845. Mwanawe William aliuawa vitani mwaka wa 1865, naye Burnet akafariki Galveston tarehe 5 Desemba 1870.

Historia humkumbuka zaidi Houston, aliyeshinda vita. Lakini kumshinda adui ni jambo moja; kumwacha hai huku umati ukidai damu yake ni jambo jingine, nalo halikumletea Burnet shangwe.