Fumo Liyongo na Mbegu ya Urefu

Huku kwetu Timbwani, Likoni, mtoto akirefuka kupita wazazi wake maneno hayakosi. Nao wanaonong'ona wangefaa kukumbuka kisa cha Fumo Liyongo.

Aliishi lini hasa, wanahistoria hawajaafikiana. Lakini masimulizi, ambayo Muhammad Kijumwa wa Lamu aliyatungia utenzi mwaka 1913, yamtaja kuwa jitu la mtu: mrefu, hodari wa upinde, tena malenga. Yasemekana Wagala, kama walivyoitwa Waorma zama hizo, walifika Pate wakamwona akiwasili na mfuko wenye vyombo vya nyumba nzima, mchi na kinu vikiwemo. Wakaingiwa na hofu, kisha tamaa. Wakamwomba mfalme mtu huyo aoe kwao, wapate mbegu yake. Liyongo akaoa, akazaa mtoto wa kiume.

Hesabu yao ilikuwa sawa nusu tu. Kimo hurithiwa, ila si kwa mbegu moja. Mwaka 1918 Mwingereza Ronald Fisher alionyesha kwamba sifa kama hiyo yaweza kutokana na jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo. Mwaka 2022 wataalamu waliochunguza watu zaidi ya milioni 5 walitaja tofauti za urithi zaidi ya 12,000 zinazohusika na kimo. Wengi wa watu hao walikuwa wa asili ya Ulaya, kwa hiyo kwetu sisi kazi bado ipo.

Chukulia baba ana kifuko cha shanga, nyingine za kurefusha, nyingine za kufupisha. Mama naye ana chake. Kila mmoja huchota nusu bila kutazama. Basi ndugu wa tumbo moja hupishana, na wazazi wafupi huweza kupata mtoto mrefu. Kumshuku mama kwa sababu hiyo ni dhuluma. Lishe na maradhi navyo vina sehemu yake. Tena mtoto wa mtu mrefu kupindukia huwa mrefu, lakini mara nyingi hamfikii babake. Francis Galton aliliandika hilo mwaka 1886.

Mfalme aliyemwogopa Liyongo alimwahidi kijana yule ufalme na binti yake. Kijana akamchoma babake kitovuni kwa sindano ya shaba. Liyongo akafa amepiga goti penye kisima, upinde mkononi, na watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Ule ufalme kijana hakuupata.