Robert Koch na hatari iliyojificha katika maziwa

Robert Koch, daktari wa Kijerumani aliyegundua kimelea cha kifua kikuu, ni miongoni mwa wanasayansi wa Ulaya walioacha alama Afrika Mashariki. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 alifanya kazi Dar es Salaam, Amani katika milima ya Usambara, na visiwa vya Sese nchini Uganda, akichunguza malaria, malale na maradhi ya mifugo.

Upande mmoja wa maisha yake hausimuliwi mara nyingi, nao unamgusa kila anayefuga ng'ombe wa maziwa na kila anayekunywa maziwa hayo. Ni Koch aliyetoa njia ya kuwaona vijidudu wanaokiambukiza kiwele na kuyaharibu maziwa. Ni Koch huyo huyo ambaye, akiwa kileleni mwa sifa zake, aliutangazia ulimwengu kuwa maziwa ya ng'ombe mwenye kifua kikuu hayakuwa hatari ya kuhofiwa. Ilichukua miaka kumi kuthibitisha kwamba alikosea.

Kutoka kijijini hadi Berlin

Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 katika mji wa Clausthal, eneo la machimbo ya madini kaskazini mwa Ujerumani. Alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Göttingen na kuhitimu mwaka 1866. Mwaka 1872 alipelekwa kuwa daktari wa wilaya katika mji mdogo wa Wollstein, ambao leo uko Poland. Hapakuwa na chuo wala maktaba ya maana. Alikuwa na hadubini yake, panya wachache, na wafugaji waliokuwa wakipoteza kondoo na ng'ombe kwa kimeta.

Akiwa katika chumba alichokigawa kwa ajili ya wagonjwa na majaribio, alifuatilia maisha yote ya bakteria wa kimeta. Alionyesha kwamba bakteria huyo hutengeneza mbegu ngumu zinazoweza kukaa udongoni na kuua tena mifugo baadaye. Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha matokeo hayo mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn. Kwa mara ya kwanza ilithibitika pasipo shaka kwamba ugonjwa fulani wa mifugo unasababishwa na kijidudu fulani. Daktari wa kijijini akawa mtu wa kusikilizwa, na mwaka 1880 aliitwa Berlin kufanya kazi katika Ofisi ya Afya ya Dola.

Sahani iliyofichua kilichomo katika maziwa

Huko Berlin, Koch alitatua tatizo lililowasumbua watafiti wote wa wakati huo. Bakteria walikuwa wakikuzwa katika mchuzi, ambamo aina nyingi zilichanganyika zisiweze kutenganishwa. Mwaka 1881 alionyesha namna ya kuwakuza juu ya jeli ngumu. Kila kijidudu kilichotua juu yake kilizaliana mahali pake na kufanya doa linaloonekana kwa macho. Muda mfupi baadaye jeli ya kawaida, iliyoyeyuka kwa joto, ilibadilishwa kwa agari inayotokana na mwani wa baharini, kwa pendekezo la Fanny Hesse, mke wa mmoja wa watafiti waliofanya kazi na Koch. Mwaka 1887 msaidizi wake, Julius Petri, alieleza sahani ya kioo yenye kifuniko ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Mabadiliko hayo yalifika zizini haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kwa karne nyingi kiwele kilichovimba kilidhaniwa kuwa kimepata baridi, pigo, au maziwa yaliyoganda ndani. Katika miaka hiyo ya 1880 madaktari wa Ufaransa, Edmond Nocard na mwenzake Mollereau, walichunguza ugonjwa wa kiwele uliokuwa ukienea kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine katika mabanda. Walimkuta bakteria katika maziwa ya wagonjwa, na wakabainisha kwamba aliyekuwa akiwasambaza ni mkamuaji mwenyewe, kwa mikono yake iliyotoka chuchu moja kwenda nyingine.

Ushauri anaopewa mfugaji wa leo unasimama juu ya msingi huo. Anaambiwa anawe mikono kabla ya kukamua na amkaushe kila ng'ombe kwa kitambaa chake. Michirizi ya kwanza aikamulie katika kikombe cheusi ili aone mabonge au majimaji, achovye chuchu katika dawa baada ya kukamua, na ng'ombe mgonjwa amkamue mwisho. Na pale maabara inapopima ubora wa maziwa kwa kuhesabu madoa ya bakteria katika sahani, inatumia kazi iliyoanzia mezani kwa Koch.

Ushindi, kisha aibu

Tarehe 24 Machi 1882, mbele ya Jumuiya ya Fiziolojia ya Berlin, Koch alitangaza kwamba amemgundua kimelea cha kifua kikuu, ugonjwa ambao kwa makadirio aliyoyatumia ulikuwa ukiua mtu mmoja kati ya kila saba. Katika kazi hiyo aliuona ugonjwa wa binadamu na ule wa ng'ombe kuwa kitu kimoja, na akataja nyama na maziwa ya mnyama mgonjwa kuwa njia mojawapo ya maambukizo, ingawa si kuu.

Mwaka 1890 alitangaza tena, safari hii kwamba amepata dawa. Wagonjwa walimiminika Berlin kutoka pande zote za Ulaya ili wadungwe tuberkulini, majimaji yaliyotayarishwa kutokana na kimelea hicho. Haikuponya. Wengine walizidiwa na baadhi yao walikufa. Heshima ya Koch ilitikisika vibaya.

Hata hivyo dawa iliyoshindwa ilipata kazi nyingine. Iligunduliwa kwamba ng'ombe mwenye kifua kikuu akidungwa tuberkulini mwili wake hutoa ishara, wakati mzima hubaki kama alivyo. Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa, kwa sababu kifua kikuu cha kiwele ni ugonjwa mjanja. Kiwele huwa kigumu polepole bila maumivu, na maziwa yanaweza kuendelea kuonekana mazuri kwa muda huku yamejaa vimelea. Jicho la mkamuaji, hata awe hodari namna gani, haliwezi kuyatambua.

Nchini Denmark, daktari wa mifugo Bernhard Bang alianza mwaka 1892 kuitumia tuberkulini kuwatenga ng'ombe walioambukizwa na wazima, na kuwalea ndama kwa maziwa salama. Mwaka 1898 sheria ya Denmark iliagiza kwamba maziwa yaliyoondolewa mafuta, ambayo viwanda vya siagi huwarudishia wafugaji kwa ajili ya ndama, yachemshwe kwanza hadi nyuzi joto 85 za Selsiasi.

Tamko la London

Julai 1901 wataalamu wa kifua kikuu walikutana London, na Koch alikuwa mgeni aliyesubiriwa kuliko wote. Alieleza kwamba yeye na mwenzake Schütz waliwaambukiza ng'ombe wadogo 19 kwa vimelea vya binadamu na hakuna aliyeugua. Kutokana na hilo alihitimisha kwamba magonjwa hayo ni mawili tofauti, kwamba binadamu huambukizwa na ng'ombe kwa nadra mno, na kwamba haikuwa lazima kuchukua hatua dhidi ya maziwa na nyama ya ng'ombe wagonjwa.

Ukumbi ulipigwa na butwaa. Joseph Lister, mpasuaji mashuhuri wa Uingereza, alionyesha udhaifu wa hoja hiyo: kwamba vimelea vya binadamu haviwadhuru ng'ombe hakuthibitishi kuwa vya ng'ombe haviwadhuru binadamu. Daktari wa mifugo John McFadyean naye alimpinga waziwazi. Lakini neno la Koch lilikuwa na nguvu, na wapo waliolipokea kwa furaha, kwa kuwa kupima na kuchinja ng'ombe wagonjwa ni gharama, na kuchemsha maziwa ni usumbufu.

Mwaka huo huo serikali ya Uingereza iliunda Tume ya Kifalme kulichunguza suala hilo. Wataalamu wake walikusanya vimelea kutoka kwa wagonjwa na kuvijaribu kwa wanyama, mwaka baada ya mwaka. Taarifa ya 1907 na ile ya mwisho ya 1911 zilifikia uamuzi mmoja: kifua kikuu cha ng'ombe huwapata binadamu, maziwa ndiyo njia yake kuu, na wanaoumia zaidi ni watoto, hasa katika tezi za shingo na matumbo.

Koch hakukosea katika yote. Mmarekani Theobald Smith alikuwa ameshaonyesha mwaka 1898 kwamba kimelea cha ng'ombe na cha binadamu vinatofautiana, na ni kweli kwamba kifua kikuu cha mapafu kwa kiasi kikubwa huenezwa na mgonjwa anayekohoa. Kosa lake lilikuwa kugeuza ukweli wa nusu kuwa ruhusa ya kutojali. Katika mkutano wa Washington mwaka 1908 alikiri kwamba kimelea cha ng'ombe huonekana kwa baadhi ya watu, lakini aliendelea kushikilia kwamba jambo hilo halikuwa na uzito katika vita dhidi ya ugonjwa.

Afrika Mashariki na miaka ya mwisho

Sehemu kubwa ya miaka hiyo ya mabishano Koch hakuwa Ulaya. Alikuwa amefika Dar es Salaam mara ya kwanza mwaka 1897, akachunguza malaria pamoja na maradhi ya ng'ombe yaenezwayo na mbung'o na kupe. Mwaka 1903 alikwenda Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa ugonjwa mgeni. Aliutambua kuwa ndio aliouona pwani ya Afrika Mashariki, naye akauita homa ya pwani. Ni ndigana kali, ambayo hadi leo inawatia hasara wafugaji wa eneo hili, hasa wenye ng'ombe wa maziwa wa asili ya kigeni.

Mwaka 1905, mwaka aliopata Tuzo ya Nobel, alikuwa tena katika ardhi ambayo leo ni Tanzania, akionyesha jinsi papasi anavyoeneza homa ya vipindi. Mwaka 1906 na 1907 aliweka kambi katika visiwa vya Sese, ambako malale ilikuwa imewamaliza watu wengi. Aliwatibu wagonjwa kwa atoksili, dawa yenye arseniki. Baadhi walipata nafuu ya muda, lakini wengine walipofuka kwa sababu ya dawa yenyewe. Ni sura chungu katika historia ya tiba nchini Uganda, nayo inakumbusha kwamba gharama ya haraka ya Koch ililipwa na wengine.

Koch alifariki dunia tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden, mwaka mmoja kabla ya Tume ya London kutoa uamuzi wake wa mwisho. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi yenye jina lake mjini Berlin.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, kifua kikuu cha ng'ombe bado kipo katika nchi nyingi za Afrika, na maziwa mengi bado huuzwa yakiwa mabichi, kutoka zizini hadi mlangoni mwa mnunuzi. Kinga inayotumika dhidi yake ni ile iliyomshinda Koch mwenyewe kwa hoja: ng'ombe apimwe kwa tuberkulini, kiwele kichunguzwe kila siku, na maziwa yachemshwe kabla ya mtoto kupewa kikombe.