Mwenye Fanusi: Maisha ya Florence Nightingale

Kila ifikapo tarehe 12 Mei wauguzi wa ulimwengu mzima huadhimisha siku yao. Hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa Bi Florence Nightingale, mwaka 1820. Wengi wetu twamjua kwa picha moja tu: mwanamke aliyeshika taa usiku akipita baina ya vitanda vya askari majeruhi. Picha hiyo ni ya kweli, na taa yenyewe ilikuwa fanusi ya Kituruki. Lakini vita hivyo vilimchukua muda usiotimia miaka miwili, ilhali yeye aliishi miaka 90. Sehemu kubwa ya umri wake aliitumia kuufanya uuguzi uwe elimu, na kuwahimiza wenye elimu hiyo wasiache kujifunza.

Alizaliwa Florence, Italia, akaitwa kwa jina la mji huo. Wazazi wake walikuwa Waingereza wenye mali na mashamba. Baba yake alimsomesha mwenyewe nyumbani Kilatini, Kiyunani, historia na hesabu. Alipokuwa na miaka 16 aliamini kwamba Mungu amemwita amtumikie. Alipotamka kuwa anataka kuuguza wagonjwa, nyumba nzima iliingia huzuni. Zama hizo nchini Uingereza uuguzi wa hospitali ulikuwa kazi ya wanawake maskini wasiosomeshwa, na wengi wao walisingiziwa ulevi. Florence alikataa posa ya muungwana mmoja mashuhuri, akangoja miaka. Mwaka 1851 alipata kwenda Kaiserswerth, Ujerumani, kujifunza kazi hiyo kwa miezi mitatu. Mwaka 1853 akawa msimamizi wa hospitali ndogo ya wanawake London.

Mwaka huo huo vita vikazuka baina ya Urusi na Dola ya Uthmaniya. Uingereza na Ufaransa ziliingia upande wa Waturuki, na majeshi yakapelekwa Crimea. Majeruhi wa Kiingereza walivushwa kwa meli hadi Scutari, yaani Üsküdar, ng'ambo ya Istanbul, wakalazwa katika kambi kubwa ya askari wa Sultani. Habari za mateso yao zilipochapishwa London, waziri Sidney Herbert alimwomba Bi Nightingale aende. Aliwasili Novemba 1854 na wanawake 38.

Kuuguza majeruhi wa vita si jambo lililoanzia hapo. Wasomaji wa sira wamkumbuka Bibi Rufaida wa kabila la Aslam, aliyekuwa na hema katika msikiti wa Mtume (S.A.W.) Madina, akawatibu majeruhi wa vita vya Khandaq. Scutari palikuwa na shida nyingine. Bi Nightingale alikuta wagonjwa wamelala sakafuni, hapana mashuka, hapana sabuni, na chini ya jengo mifereji ya uchafu imeziba. Akanunua vyombo, akapanga jiko na ufuaji wa nguo. Hata hivyo vifo vilizidi. Mwezi wa Februari 1855, katika kila wagonjwa 100 walikufa 42. Mwezi wa Machi wakaja wakaguzi wa afya kutoka Uingereza, wakazibua mifereji, wakasafisha maji, wakafungua njia za hewa. Kufikia Juni waliokufa walikuwa kiasi cha wawili katika kila 100.

Alirudi kwao mwaka 1856, akakwepa shangwe za watu. Kule vitani alikuwa akiamini kwamba askari wengi waliletwa kwake wakiwa wamekwisha dhoofika kwa njaa na baridi. Nyumbani aliketi na bingwa wa takwimu, William Farr, wakahesabu wafu mmoja mmoja. Hesabu ikasema: zaidi ya askari 16,000 wa Kiingereza waliuawa na maradhi, na wasiofika 5,000 waliuawa na silaha. Wengi wa hao wa maradhi wangaliweza kuokolewa kwa usafi. Ilikuwa elimu chungu kwa mtu aliyewafumba macho kwa mikono yake. Hakuificha. Aliichora kwa michoro ya rangi ili wakubwa wa serikali waione, na mwaka 1858 akawa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha wanatakwimu wa Uingereza.

Mwaka 1860, kwa fedha walizochanga wananchi kwa heshima yake, ilifunguliwa shule ya wauguzi katika hospitali ya St Thomas', London. Wanagenzi walifundishwa mwaka mmoja, wodini na darasani, na matroni akaandika daftari la kazi na tabia ya kila mmoja. Waliohitimu walienda nchi nyingi kuanzisha shule nyingine.

Ndipo ukaja mzozo. Mwaka 1887 Bi Ethel Bedford Fenwick na wenziwe waliunda chama wakidai muuguzi asome miaka mitatu na jina lake liandikwe katika daftari rasmi. Bi Nightingale alipinga. Hoja yake ilikuwa kwamba daftari laeleza alichokijua muuguzi siku ya mtihani, wala halielezi alivyo leo. Tangu 1872 alikuwa akiwaandikia wanafunzi wake barua akiwaonya kwamba muuguzi asiyesonga mbele anarudi nyuma. Wapinzani wake nao walikuwa na haki: pasipo daftari, mgonjwa atamtambuaje aliyesoma na mlaghai?

Bi Nightingale alifariki London tarehe 13 Agosti 1910. Sheria ya daftari ilipitishwa Uingereza mwaka 1919. Na mwaka 1984 bingwa wa uuguzi wa Marekani, Patricia Benner, alieleza kitabuni ngazi tano apandazo muuguzi, kutoka mwanagenzi hadi fundi bingwa. Alionyesha kuwa ngazi hizo hupandwa kwa tajiriba ya miaka, na cheti ni mwanzo tu.

Leo hapa Kenya muuguzi huandikwa daftarini, kisha hutakiwa athibitishe kwamba angali anajifunza ndipo leseni yake ifanywe upya. Basi pande zote mbili za mzozo ule zimepata haki yao, na mwenye faida ni mgonjwa aliye kitandani.