Tom Mboya: Mwana wa Rusinga Aliyezaliwa Ugenini

Wakazi wa ufuo wa Ziwa Viktoria humhesabu Thomas Joseph Mboya kuwa mwana wa Rusinga, ingawa hakuzaliwa kisiwani humo. Alizaliwa tarehe 15 Agosti 1930 huko Kilima Mbogo, karibu na Thika, katika shamba la mkonge ambako baba yake alikuwa msimamizi wa vibarua. Akiwa miongoni mwa watoto wa makabila mbalimbali, alijifunza Kikamba, Kikuyu na Kiswahili sambamba na Kiluo cha nyumbani. Hazina hiyo ya lugha ilimfaa pengine kuliko masomo ya darasani, ambayo ukosefu wa karo ulimlazimu kuyakatiza Mang'u.

Alihitimu kuwa mkaguzi wa afya, akaajiriwa na Baraza la Jiji la Nairobi, na mnamo 1953 akawa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi. Mwaka 1957 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria baada ya kumshinda C.M.G. Argwings-Kodhek, wakili mashuhuri aliyetoka naye Nyanza. Kura hizo zilipigwa Nairobi, wala si ziwani. Mwaka 1959 ndege iliyobeba wanafunzi 81 ilielekea Marekani kwa juhudi zake. Wangari Maathai alifuata katika safari ya 1960.

Nyumbani, hata hivyo, hakuaminiwa sana. Jaramogi Oginga Odinga alipojitoa KANU mwaka 1966 na kuunda KPU, sehemu kubwa ya Nyanza ya Kati ilimfuata. Mboya alibaki KANU akiwa Katibu Mkuu na waziri, na wengi wakamwona kama aliyewasaliti watu wake.

Risasi za tarehe 5 Julai 1969, nje ya duka la dawa jijini Nairobi, zilibadilisha hayo yote kwa siku moja. Aliyekuwa mgeni kwao akaliliwa kama kifungua mimba. Nahashon Njenga Njoroge alihukumiwa kunyongwa. Swali la nani aliyemtuma halijajibiwa mahakamani hadi leo. Hasira hazikupoa. Tarehe 25 Oktoba mwaka huohuo, Rais Kenyatta alipofika Kisumu kufungua hospitali, walinzi wake waliufyatulia risasi umati, na watu kadhaa wakafa. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku.

Mboya amezikwa Kasawanga, Rusinga. Kaburi lake limejengewa jumba lenye umbo la risasi.