Linus Pauling na Mvuto wa Atomu

Wengi wetu tuliosoma kemistri tumekwisha kuiona ile orodha ya tarakimu inayoanza na florini 4.0, kisha oksijeni 3.5, hata kaboni 2.5. Tuliikariri kwa ajili ya mtihani, na mtihani ulipopita tukaisahau. Ni wachache waliouliza ni nani aliyeitunga, na wachache zaidi wajuao ya kuwa kazi yake ilihusu damu ya watu wa kwetu.

Linus Pauling alizaliwa tarehe 28 Februari 1901 katika mji wa Portland, Marekani. Baba yake, muuza dawa, alifariki mwaka wa 1910 akaacha mjane na watoto watatu. Kijana alitoka shule ya sekondari bila cheti, kwa sababu hakutimiza masomo ya historia. Alikuja kupewa mwaka wa 1962, akiwa na Tuzo ya Nobel tayari. (Mwalimu wetu wa historia asiisome sehemu hii.) Chuoni alipungukiwa fedha, basi chuo kikamwajiri awafundishe wenzake, naye ana miaka 18 tu.

Mwaka wa 1932, akiwa mwalimu huko California, alitoa orodha yake. Atomu mbili zikiungana hushirikiana elektroni, lakini si kwa haki sawa. Mmoja huvuta kuliko mwenziwe, kama watu wavutanao kamba. Mvuto huo ndio uitwao elektronegativiti, na Pauling aliupimia tarakimu. Katika maji oksijeni huvuta kuliko haidrojeni, hivyo upande wake huwa na chaji hasi kidogo, na upande wa haidrojeni chaji chanya. Hapo umbo nalo lina neno lake. Molekuli ya maji imepinda, basi ina pande mbili. Ile ya kaboni dioksaidi imenyooka, na mivuto yake miwili hubatilishana.

Mwaka wa 1945 daktari mmoja, William Castle, alimweleza habari za selimundu, ugonjwa ambao wengi huuita sikoseli. Chembe nyekundu za damu zikipungukiwa oksijeni hupinda kama mundu. Pauling alihisi mara moja kwamba kosa limo katika himoglobini, kwa kuwa ndiyo ibebayo oksijeni. Yeye na wenzake wakaipima kwa umeme, na mwaka wa 1949 wakatangaza kuwa himoglobini ya wagonjwa ina chaji tofauti. Baadaye Vernon Ingram alionyesha sababu: katika mnyororo wa asidi amino 146, moja tu imebadilika, ya sita. Mahali pa ile yenye chaji hasi pamekaa valini, isiyo na chaji, inayoyakimbia maji kama mafuta. Basi himoglobini hunatana, na mtoto huumia mifupa usiku kucha.

Kwa nini ugonjwa huu haukutoweka? Jibu moja lilipatikana karibu na Kampala. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima watoto wa Buganda, akachapisha habari zao mwaka wa 1954. Kati ya watoto 43 wenye alama ya selimundu, 12 walikuwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasio nayo, 113. Anayerithi alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga. Anayeirithi kwa wote wawili huugua.

Pauling naye alikosea. Mwaka wa 1953 alitangaza umbo la DNA lenye nyuzi tatu, fosfeti zikiwa katikati, kana kwamba chaji zao hazipo. Kwa mtu aliyewafundisha wengine habari za chaji, lilikuwa kosa la ajabu.

Alipata Nobel ya kemia mwaka wa 1954, na ya amani ya mwaka wa 1962 kwa kupinga majaribio ya mabomu ya nyuklia. Uzeeni aliisifu mno vitamini C, madaktari wengi wasikubaliane naye. Alifariki tarehe 19 Agosti 1994. Hata leo himoglobini ya mtoto anayeshukiwa kuwa na selimundu huweza kupimwa kwa umeme, kwa njia iliyo ya ukoo mmoja na ile ya mwaka wa 1949.