Pushkin: Mshairi wa damu ya Kiafrika aliyeikweza lugha ya Kirusi

KILA ifikapo Juni 6, Warusi hukusanyika mbele ya sanamu za Alexander Pushkin na kuweka mashada ya maua. Hiyo ndiyo tarehe aliyozaliwa mshairi huyo jijini Moscow mwaka wa 1799. Mnamo 2010, Umoja wa Mataifa uliiteua kuwa Siku ya Lugha ya Kirusi.

Ni heshima ambayo watu wa enzi yake hawangeitarajia. Wakati huo, Kirusi kilikuwa kama mgeni katika majumba ya wakubwa. Makabaila walizungumza Kifaransa mezani, wakaandikiana barua kwa Kifaransa na kuajiri walimu kutoka Ufaransa ili watoto wao wasije wakaonekana washamba. Kirusi kiliachiwa wakulima na watumishi wa jikoni.

Pushkin alilelewa vivyo hivyo. Maktaba ya baba yake, Sergei, ilijaa vitabu vya Kifaransa, na beti zake za kwanza utotoni alizitunga kwa lugha hiyo.

Hata hivyo, mambo mawili katika nyumba hiyo yalimtofautisha na wana wengine wa makabaila. La kwanza lilikuwa asili ya mama yake, Nadezhda, aliyekuwa mjukuu wa Mwafrika, Abram Gannibal.

Gannibal alitekwa akiwa mtoto, akapelekwa Istanbul, na mwanzoni mwa karne ya 18 akafikishwa kwa mtawala wa Urusi, Tsar Peter Mkuu. Mfalme huyo alimsimamia katika ubatizo, akamlea na kumpeleka Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Aliporejea Urusi, Gannibal alipanda vyeo hadi akawa jenerali mwenye mashamba makubwa. Alifariki mwaka wa 1781. Kuhusu alikozaliwa, wanahistoria hawajaafikiana. Wapo wanaotaja eneo la Eritrea na Ethiopia, na wapo wanaotaja Logone, kaskazini mwa Cameroon.

Kitukuu wake hakuionea haya asili hiyo. Mhasimu mmoja alipoikejeli gazetini, Pushkin alijibu kwa shairi la kutetea ukoo wake. Mnamo 1827 alianza kuandika riwaya kuhusu Gannibal, ingawa hakuikamilisha.

Jambo la pili lilikuwa yaya wa nyumba hiyo, Arina Rodionovna. Mama huyo alizaliwa mwaka wa 1758 akiwa mtwana, mmoja wa mamilioni ya wakulima waliomilikiwa na makabaila, wakauzwa na kurithiwa pamoja na ardhi. Hakuwa na elimu ya shule, lakini kichwani mwake mlikuwa na hazina ya ngano, methali na nyimbo za Kirusi. Kwake na kwa bibi yake mzaa mama, mtoto Alexander aliisikia lugha ya nchi yake ikizungumzwa kwa ufasaha.

Mnamo 1811 alijiunga na shule mpya ya Tsarskoye Selo, karibu na St Petersburg, iliyofunguliwa mwaka huo kwa wavulana 30. Januari 1815, akiwa na umri wa miaka 15, alikariri shairi lake mbele ya Gavrila Derzhavin, mshairi mkongwe aliyeheshimiwa kuliko wote. Mzee huyo alisisimka, na sifa za kijana zikaanza kuenea.

Alipohitimu mwaka wa 1817 alipata kazi katika idara ya mambo ya nje. Lakini mashairi yake ya kushutumu udhalimu na utwana yalinakiliwa kwa mkono na kupitishwa kwa siri kutoka nyumba hadi nyumba, hadi yakamfikia Tsar Alexander wa Kwanza. Mnamo 1820 mshairi huyo aliondolewa jijini na kupelekwa kusini mwa Urusi.

Mwaka huo huo ulitoka utenzi wake mrefu wa kingano, Ruslan na Ludmila. Vijana waliushangilia. Baadhi ya wahakiki walilalama kwamba aliingiza lugha ya wakulima mahali pa watu wastaarabu.

Mnamo 1824 polisi walinasa barua yake iliyoonyesha kwamba alivutiwa na fikra za wanaokana Mungu. Alifutwa kazi na kuzuiliwa Mikhailovskoye, kijiji kilichokuwa katika shamba la mama yake, chini ya uangalizi wa serikali na kanisa.

Adhabu hiyo iligeuka kuwa neema. Jioni alimsikiliza tena Arina, sasa ajuza wa zaidi ya miaka 60, akaziandika ngano zake daftarini. Baadaye alizitumia katika tungo zake za kingano. Alikwenda pia kwenye soko la karibu na monasteri ya Svyatogorsk akiwa amevaa kama mkulima, akasimama kuwasikiliza ombaomba wakiimba. Huko kijijini ndiko alikoandika tamthilia ya Boris Godunov, aliyoikamilisha mwaka wa 1825.

Huenda kifungo hicho kilimwokoa pia. Desemba 1825, maafisa wa jeshi waliotaka kukomesha utwana na utawala wa kiimla waliasi jijini St Petersburg. Uasi ulizimwa siku hiyo hiyo. Watano walinyongwa na zaidi ya 100 wakapelekwa Siberia, akiwemo Ivan Pushchin, rafiki wa Pushkin tangu shuleni. Nakala za mashairi yake zilipatikana miongoni mwa karatasi zao.

Septemba 1826, Tsar mpya, Nicholas wa Kwanza, alimwita Moscow na kumuuliza angefanya nini iwapo angekuwa mjini siku ya uasi. Pushkin hakuficha. Alikiri kwamba angesimama na rafiki zake. Mfalme alimwachilia, lakini akatangaza kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayekagua maandishi yake. Tangu hapo mshairi huyo aliishi chini ya jicho la mkuu wa polisi wa siri, Alexander Benckendorff.

Katika vuli ya 1830, kipindupindu kilimzuia kwa takriban miezi mitatu katika kijiji cha Boldino. Humo aliandika hadithi tano za Belkin na tamthilia nne fupi, na karibu akamilishe Eugene Onegin, riwaya ya kishairi aliyokuwa ameianza mwaka wa 1823.

Katika riwaya hiyo, iliyotoka ikiwa kitabu kamili mwaka wa 1833, msichana Tatyana anampenda Onegin na kumwandikia barua. Anaiandika kwa Kifaransa kwa kuwa hajui kuyaeleza mapenzi yake kwa lugha ya kwao, na msimulizi analazimika kuifasiri. Wasomaji wa tabaka la juu walijiona humo kama kiooni. Kwa kuifasiri barua hiyo, Pushkin aliwaonyesha kwamba Kirusi kiliweza kubeba kila kitu walichodhani hakisemeki ila kwa lugha ya kigeni.

Mnamo 1831 alimwoa Natalya Goncharova, aliyesifika kwa urembo, wakajaliwa watoto wanne. Maisha ya ikulu yalimwingiza katika madeni. Akiwa na miaka 34 alipewa cheo cha ikulu ambacho kwa kawaida kilipewa vijana, akaona amefedheheshwa. Utenzi wake, Mpanda Farasi wa Shaba, ulirudishwa na Tsar ukiwa na alama za kukatazwa, na haukuchapishwa kikamilifu akiwa hai.

Mwishoni mwa 1836 barua zisizo na jina zilimkejeli kwamba mkewe si mwaminifu. Uvumi ulimhusisha Georges d'Anthès, Mfaransa aliyekuwa afisa katika jeshi la Urusi, ambaye hatimaye alimwoa dadake Natalya. Hilo halikutuliza mambo. Februari 8, 1837, wanaume hao wawili walikabiliana kwa bastola nje ya St Petersburg. Pushkin alipigwa risasi tumboni, akafariki siku mbili baadaye akiwa na miaka 37.

Maelfu ya watu walimiminika nyumbani kwake kutoa heshima. Serikali iliingiwa na hofu, ikalisafirisha jeneza usiku hadi monasteri ya Svyatogorsk, mahali pale pale alipowahi kuwasikiliza ombaomba. Mshairi kijana Mikhail Lermontov aliyelaumu watu wa ikulu kwa kifo hicho alihamishiwa Caucasus.

Gogol, Dostoevsky na Turgenev, waliokuja kuifanya fasihi ya Kirusi isomwe duniani kote, walimtambua Pushkin kuwa mwalimu wao. Yaya Arina alikuwa amefariki mwaka wa 1828 jijini St Petersburg, na kaburi lake halijulikani lilipo. Lakini ngano zake watoto wa Urusi wangali wanazisoma hadi leo, katika beti za kijana aliyemlea.